Kinachomkawiza Mthamini

Watu wengi hudhani ya kuwa uthamini wa nyumba hukawia kwa sababu mthamini ni mzembe, ama kwa kuwa anangoja kutiwa chochote mkononi. Nami, niliye katika kazi hii, sikatai kwamba wazembe na walafi wamo katika kila amali, illa nasema kwamba aghalabu kinachokawiza si kuipima nyumba bali ni kumjua mwenyewe. Nyumba ya vyumba vinne, ya matofali ya kuchoma, iliyoezekwa bati, pamoja na jiko la uani na choo cha shimo, haimchukui mjuzi zaidi ya saa chache: huvuta tepu ukutani kwa nje, msaidizi akiishika ncha ya pili, akagonga plasta kusikia kama imeachana na tofali, akainua macho penye dari kutafuta dalili za kuvuja, akahesabu milango na madirisha, akapiga picha. Lakini akiukuta mlango wa chumba umefungwa na ufunguo umesafiri na kijana kwenda Kasulu, itambidi arudi siku nyingine. Na kurudi kijijini wakati wa mvua, baina ya Novemba na Aprili, kuna taabu yake.

Simbo, katika Wilaya ya Kigoma, si mbali na Ujiji, ni ardhi ya kijiji, inayotawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Na mwenye nyumba huko, kama hana hati ya hakimiliki ya kimila, huwa na karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, au hana kitu ghairi ya ushahidi wa majirani. Basi na awahi kwa mtendaji wa kijiji kupata barua ya utambulisho, na siku ya ukaguzi awepo mwenyekiti wa kitongoji na jirani wa kila upande, kwa maana mpaka ulioonyeshwa na mtu mmoja tu ni mpaka unaoalika shauri, na mthamini mwenye hadhari hataweka sahihi yake juu ya shauri.

Taabu kubwa zaidi ni mirathi. Tazama nyumba za kale za Ujiji, mji uliokuwa kituo cha misafara tangu kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapo mwaka 1871, na ambao Kigoma iliupokonya biashara baada ya reli kufika Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Nyumba kama hiyo yamkini ilijengwa na babu, akafariki bila ya kugawa. Warithi wakatawanyika, huyu Bujumbura, huyu Dar es Salaam, mwingine naye amekwisha kufa na kuacha mayatima. Na anayeishi humo ni shangazi, aliyeitunza miaka yote na ambaye, kwa haki yake, hujiona ndiye mwenyewe. Mmoja wa wajukuu akitaka mkopo kwa dhamana ya nyumba hiyo, atamleta mthamini leo na kudai taarifa kesho, ilhali jina la kuandikwa katika taarifa halijulikani. Dawa ni ukoo kukaa kikao, kumteua msimamizi, na kufungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo hadi ipatikane barua ya usimamizi. Na hayo yatangulie, wala yasingojwe hadi mthamini awe amekwisha kufika. Shangazi naye aelezwe mapema na kwa heshima mgeni yule anakuja kwa lipi, kwani nimepata kuona kazi ya asubuhi nzima ikivunjika kwa kuwa bibi mmoja aliufunga mlango, akiamini kwamba nyumba inauzwa kwa siri.

Anayekopa benki na aulize kwanza ni wathamini gani benki hiyo inawakubali, maana kila benki ina orodha yake, na taarifa nzuri ya mtu asiyekuwamo humo ni fedha iliyopotea. Awe na stakabadhi za ujenzi, hati au nakala yake, na, kama anazifahamu, bei za kweli za nyumba zilizouzwa karibuni hapo jirani. Simbo mauzo ni machache na hayaandikwi kwa uaminifu, hivyo mthamini hulazimika kukadiria gharama ya kuijenga nyumba upya kisha akatoa uchakavu. Kasoro zisifichwe. Nyumba iliyo ufukoni iliyoingiliwa na maji ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021 ina alama ukutani, na alama hiyo itaonekana tu.

Fidia ni jambo jingine. Pale serikali inapotwaa ardhi kwa ajili ya barabara au reli, kama hii ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Desemba 2022, uthamini hufuata Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na taarifa huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Hapa mazao huhesabiwa pia, na katika nchi ya mawese kama hii hesabu ya michikichi ndiyo inayokula muda: mche mchanga haulipwi sawa na mchikichi unaozaa, kwa hiyo mwenye shamba aliyefyeka magugu na kuiainisha miti yake kwa umri kabla ya ukaguzi humwondolea mthamini mabishano. Kupanda miche mipya usiku wa kuamkia uthamini ni ujanja wa zamani, na huzaa uhakiki wa pili unaowachelewesha hata majirani wasio na hatia. Malipo yakikawia zaidi ya miezi sita baada ya taarifa kuidhinishwa, riba huanza kudaiwa. Na ikitimia miaka miwili bila malipo, uthamini huo hufa na kazi huanza upya.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya fidia, mwenye mali alisome jina lake herufi kwa herufi, maana aliyeandikwa Hamisi katika fomu, na Khamis katika kitambulisho cha taifa na katika akaunti ya benki, atasimamishwa dirishani hadi alete kiapo cha majina.