Mita 75 za Mwanga

Ukizivua kava za plastiki kwenye pikipiki ya mbio, unabaki bila taa. Taa kubwa, dashibodi na mara nyingi hata vioo vya pembeni vimeshikizwa upande wa kava hizo, si kwenye usukani. Ndiyo maana pikipiki za mtindo wa stritifaita, zilizozaliwa mikononi mwa vijana wa Uingereza na Ujerumani miaka ya 1980, zilitambulika mapema kwa sura yake: usukani mpana wa bomba, injini iliyo uchi, na taa mbili za duara zilizobanwa kwenye shokapu za mbele.

Mtindo huo ulianza kwa kukosa fedha zaidi ya kutaka urembo. Suzuki ilipoitoa GSX-R750 mwaka 1985, kijana wa kawaida aliweza kununua pikipiki iliyokaribia kabisa ya mashindanoni. Akianguka nayo, injini na fremu viliweza kupona lakini plastiki zikawa vipande, na bei ya plastiki mpya ilikuwa ya kukatisha tamaa. Wengi waliamua kuzitupa, wakaokota taa popote walipoipata, wakarudi barabarani. Baadaye viwanda vikaona soko. Mwaka 1997 Triumph ilitoa Speed Triple yenye taa mbili za duara zisizo na kava, na mwaka 2009 Ducati ikauza pikipiki iliyobeba jina lenyewe la Streetfighter.

Hadi leo anayejitengenezea stritifaita hushughulika kwanza na breki ya mbele na taa. Kosa ninaloliona katika kazi nyingi za namna hii ni kuzichukulia hizo kama shughuli mbili zisizohusiana: breki ni ya nguvu, taa ni ya sura. Taa ndiyo inayoamua unaona umbali gani, na breki inaamua utasimama baada ya umbali gani. Namba ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, unaendesha gizani hata kama taa inawaka.

Tuanze na breki, maana ndiko fedha nyingi zinakokwenda. Ukivuta leva, unasukuma pistoni ndogo iliyomo ndani ya masta silinda. Mafuta ya breki hayashindiliki kirahisi, kwa hiyo shinikizo linapita kwenye mpira wa breki hadi kwenye kalipa, linasukuma pistoni kubwa zaidi, nazo zinazibana pedi kwenye diski. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hii katika karne ya 17: ndani ya kimiminika kilichofungiwa shinikizo huenea sawasawa kila upande, na nguvu inayopatikana inategemea ukubwa wa eneo linalosukumwa.

Chukua kalipa ya Brembo inayopatikana kwa wingi kwenye pikipiki kuukuu za Italia, yenye pistoni mbili za mm 30 na mbili za mm 34. Eneo la pistoni za upande mmoja ni kama milimita za mraba 1,615, na kwa kalipa mbili ni 3,230. Masta silinda yenye kipenyo cha mm 16 ina milimita za mraba 201. Gawanya: mkono wako unazidishwa mara 16, mbali na msaada wa leva yenyewe. Sasa mwenye pikipiki anasikia kwamba masta silinda ya mm 19 ndiyo ya mashindanoni, anaifunga. Eneo linapanda hadi 284, na mara 16 zinashuka kuwa 11 na kidogo. Kama uwiano wa leva haukubadilika, kwa kidole kilekile amepoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Na hataamini, kwa sababu leva sasa ni ngumu na haisogei sana, na ugumu huo unampa hisia ya breki kali. Akienda upande wa pili, akafunga ya mm 14, nguvu inapanda hadi mara 21, lakini mafuta yanayosukumwa ni kidogo na leva inaweza kugusa mpini kabla pedi hazijabana vya kutosha. Kikubwa si lazima kiwe bora. Kinachotafutwa ni uwiano.

Kuna wanaokwepa hesabu hizi kwa kununua sehemu yote ya mbele ya pikipiki mpya zaidi: shokapu, gurudumu, diski na kalipa zake. Nadhani hao ndio wenye akili, kwani wahandisi wa kiwanda wameshawafanyia hesabu. Anayechanganya vifaa hukutana na vipimo visivyosameheana. Kalipa za radiali za Kijapani nyingi zina umbali wa mm 108 kati ya tundu za bolti. Nyingi za Ulaya zina mm 100. Tofauti ya mm 8 ni ndogo kwa macho, ila kalipa haingii.

Hata bolti moja inaweza kuharibu kazi yote. Mpira wa breki hufungwa kwenye kalipa kwa bolti yenye tundu katikati, ambamo mafuta hupita, ikiwa imezungukwa na washa mbili laini za shaba. Kwenye breki nyingi za Japani bolti hiyo ina kipenyo cha mm 10 na nyuzi zilizopishana mm 1.25. Ya Brembo nayo ina kipenyo cha mm 10, ila nyuzi zake zimepishana mm 1.0. Ukiziweka mezani hutazitofautisha kwa kutazama tu. Ya kigeni huingia kwa vidole mizunguko miwili, kisha hukaza. Fundi mwenye haraka huchukua spana akamalizia, na nyuzi za aluminiamu za kalipa huondoka na bolti. Washa za shaba nazo hazirudiwi: shaba ikishabanwa mara moja imekwishachukua umbo la uso ule, na mafuta yatavuja taratibu pasipo kuonekana.

Upepo ukibaki ndani, yote haya ni bure, kwa sababu hewa hushindilika na nguvu ya mkono huishia kulifinya povu badala ya kufika kwenye pistoni. Povu hupenda kujificha kwenye kona ya juu ya mpira, karibu na masta silinda, mahali ambapo kutoa upepo kule chini kwenye kalipa hakufiki. Mafundi wengi huvuta leva na kuifunga kwa kamba usiku kucha, asubuhi povu limepanda kwenye kikombe cha mafuta.

Halafu kuna joto. Pikipiki na dereva wenye jumla ya kilo 250, kwa mwendo wa km 100 kwa saa, wamebeba nishati ya kilojuli 96. Kusimama ni kuigeuza nishati hiyo kuwa joto, na sehemu kubwa huangukia diski za mbele. Diski mbili za chuma zenye uzito wa kilo 3 kwa pamoja zitapanda nyuzi 60 hivi kwa kila kusimama kwa nguvu, na kwenye mteremko mrefu hazipewi nafasi ya kupoa. Joto likifika kwenye mafuta, mafuta yanaweza kuchemka na kuzaa mapovu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Nayo hunyonya unyevu wa hewani bila kuombwa, jambo ambalo mtu wa Tanga au Mombasa ana sababu ya kulikumbuka kuliko mtu wa Dodoma.

Sasa breki zimekuwa kali. Zinafanya nini kwa taa?

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito hukimbilia mbele na shokapu hubonyea. Tuseme zimebonyea sm 10, na kutoka ekseli hadi ekseli ni sm 140. Pikipiki nzima imeinama sm 7 kwa kila mita, na taa imeinama nayo. Taa iliyokuwa ikimulika barabara mbele kabisa sasa inapiga lami mita 9 kutoka kwenye gurudumu. Na hapo mkia ulioinuka haujahesabiwa. Yaani kadiri breki zinavyokuwa kali, ndivyo zinavyokunyima mwanga katika sekunde unayouhitaji zaidi. Hakuna globu inayotibu hilo. Dawa ni springi na mafuta ya shokapu yanayolingana na breki mpya.

Hata kabla ya kushika breki, sura ya stritifaita ina gharama yake. Kwa kipimo cha kawaida, ukingo wa juu wa mwanga wa dimu hushuka sm 1 kwa kila mita. Taa iliyo sm 90 kutoka ardhini itafika mita 90. Mpenda stritifaita huishusha katikati ya shokapu ili pikipiki ionekane imekunja uso. Ikiwa sm 75, mwanga unaishia mita 75. Kwa mwendo wa km 100 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 28, na kusimama kwa breki nzuri kwenye lami kavu kunakula mita 48. Jumla 76. Urembo umechukua mita 15, na salio limekuwa deni la mita moja. Mvua ikinyesha, deni linakua.

Kinachofuata huwa ni kununua globu kali ya LED. Hapa habari inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa globu hizohizo zimejaa kwenye bodaboda zetu. Globu ya H4 ya halojeni ina nyuzi mbili. Chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande juu. Kioo cha taa kilicho nyuma ya globu kimechongwa kikitegemea uzi uwe mahali pake kwa usahihi wa sehemu ya milimita. Weka chanzo kipana zaidi, au kilichosogea kidogo, na mwanga unatawanyika: unaangaza miti na macho ya anayekuja, wakati barabara ya mbali inabaki na giza lake. Taa ya mitumba kutoka Ujerumani ina tatizo jingine. Ikiwa ni ya kuegemea upande, mwanga wake hupanda kulia, kwenye ukingo wa barabara ya kwao. Uingereza, Kenya, Uganda na Tanzania, kulia ndiko wanakotokea wenzako. Rwanda na Burundi itakaa sawa.

Kabla ya kulaumu globu, pima umeme unaoifikia. Mwanga wa halojeni huporomoka haraka kuliko volti: kutoka volti 13.2 hadi 12, karibu asilimia 28 ya mwanga imepotea. Taa mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 8, na waya mwembamba wa miaka 30 unaopita kwenye swichi ya usukani haukuumbwa kwa mzigo huo. Rilei moja yenye waya mnene kutoka kwenye betri hurudisha mwanga mwingi kwa fedha kidogo.

Mwisho taa ielekezwe, na hiyo iwe kazi ya mwisho kweli, baada ya shokapu na tairi. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, mwenyewe akiwa amekaa juu yake kwa uzito wake wote, tairi zikiwa na upepo sahihi. Pima urefu wa kitovu cha taa, uweke alama ukutani, na ukingo wa dimu ukae sm 10 chini ya alama. Wengi huinua mkia wa stritifaita baada ya kumaliza hili. Sm 3 tu za kuinua huongeza sm 2 za mteremko kwa kila mita, na mita 75 zinakuwa 24, hadi skrubu iliyo nyuma ya taa izungushwe tena.