Trikomona: kwa nini wewe na mwenzi wako mnapaswa kutibiwa pamoja

Ulipewa dawa, ukapona, kisha baada ya wiki chache muwasho umerudi. Huenda dawa haikuwa mbaya. Huenda mwenzi wako hakutibiwa.

Trikomona ni ugonjwa wa zinaa unaosababishwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Ni miongoni mwa magonjwa ya zinaa yanayowapata watu wengi zaidi duniani, na unatibika.

Dalili ni zipi?

Mwanamke anaweza kutokwa na uchafu ukeni wenye rangi ya njano au kijani na harufu mbaya, kuwashwa, au kuhisi maumivu anapokojoa au wakati wa tendo la ndoa. Wengi hudhani ni UTI. Mwanamume anaweza kuhisi kuchomwa anapokojoa au kutokwa na ute kwenye uume.

Lakini watu wengi wenye trikomona hawana dalili yoyote, hasa wanaume. Mtu anaweza kukaa nayo miezi mingi bila kujua, huku akiwaambukiza wengine.

Inaambukizwa vipi?

Kwa kujamiiana bila kinga. Huipati kwa kutumia choo cha pamoja, kula sahani moja au kushikana mikono. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa za kienyeji hakuiponyi, na kunaweza kukuumiza.

Inatibiwaje?

Dawa inayotumika zaidi ni vidonge vya metronidazoli, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Flagyl. Mara nyingi mwanamke hupewa vidonge vya kumeza mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mwanamume anaweza kupewa dozi ya kumeza mara moja tu. Kwa hiyo usishangae dozi zenu zikitofautiana.

Zingatia haya:

- Maliza dozi yote, hata dalili zikiisha siku ya tatu.
- Usigawane vidonge vyako na mwenzi wako. Mkigawana, hakuna kati yenu atakayepata dozi kamili.
- Meza dawa pamoja na chakula ukipata kichefuchefu. Ladha ya chuma mdomoni ni kawaida na itaisha.
- Msijamiiane mpaka nyote wawili mmalize dawa na dalili ziishe.
- Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa. Usikae bila matibabu kwa kuogopa: trikomona inaweza kuchangia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo.

Trikomona pia huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU. Ukienda kituoni, omba kupimwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa.

Nitamwambiaje mwenzi wangu?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Anayepimwa kwanza mara nyingi ni mwanamke, na lawama zote humwangukia yeye. Lakini majibu ya kipimo hayaonyeshi nani alimwambukiza nani, wala ni lini. Kwa kuwa ugonjwa unaweza kujificha muda mrefu, mmoja wenu anaweza kuwa aliupata kabla hamjakutana.

Unaweza kusema hivi: "Nimepatikana na maambukizi yanayotibika. Nesi amesema hata wewe umeze dawa, hata kama huumwi, la sivyo yataturudia."

Kama unaona ni rahisi zaidi, mwombe mhudumu azungumze nanyi wote wawili. Kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa nyumbani, usimwambie mwenzi wako kwanza. Mweleze mhudumu hofu yako ukiwa peke yako naye, ili mtafute pamoja njia iliyo salama kwako.

Niende wapi?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, kambini au kijijini. Una haki ya kuhudumiwa faragha, na mhudumu hapaswi kusimulia habari zako kwa watu wengine. Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani, na unaweza kuomba awe wa jinsia yako. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Dalili zikirudi baada ya kumaliza dawa, usinunue vidonge vingine dukani. Rudi kituoni, na mkiweza, nendeni wawili.