KURASA ZA KUMWONGOZA MGENI KATIKA PROGRAMU YA SIMU

Likizo ya Juni nalikaa kwa shangazi yangu, Kivukoni. Zamani aliwauzia chai na vitumbua watu waliongojea pantoni, lakini daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018 watu wakawa wapita njia tu, naye akageukia mchele. Madeni ya wateja aliyaandika katika daftari, na masika daftari hilo likalowa. Basi, kwa kuwa nimejifunza kidogo kutengeneza programu za simu, nikamtengenezea moja ya kuandikia madeni.

Siku ya pili aliona picha ya pipa la taka, akadhani ni ndoo ya kutilia mchele. Akaibonyeza. Madeni ya watu kumi na mmoja yakafutika, wala hapakuwa na njia ya kuyarudisha. Hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Kwa hiyo nikaweka kurasa za utangulizi, yaani zile picha chache zenye maelezo zinazotokea programu ifunguliwapo mara ya kwanza. Kazi yake ni hivi. Programu ina daftari lake dogo ndani ya simu, ambalo halifutiki simu ikizimwa. Kila ifunguliwapo huangalia humo: je, mtu huyu amekwisha kusoma utangulizi? Kama bado, humwonyesha. Kama tayari, humpeleka kazini moja kwa moja. Mwanzoni nalikosea, nikaandika "amesoma" mara tu programu ilipofunguka. Chaji ikaisha shangazi akiwa ukurasa wa kwanza, na simu ilipowaka kurasa hazikuonekana tena. Yafaa alama iandikwe mtu anapobonyeza "Nimeelewa" katika ukurasa wa mwisho, si kabla. Tena sharti pawe na kitufe cha "Maelekezo" cha kuziita wakati wowote, maana nani akumbukaye yote kwa kuonyeshwa mara moja? Hata sisi darasani hatuwezi.

Tuliporudi shuleni (ambako simu ni marufuku, hivyo natumia kompyuta ya maabara) nikaanza programu ya vitabu vya maktaba, nikataka kurasa zile zile. Lo! Maneno ya madeni nalikuwa nimeyachanganya na amri za programu. Kama ningenakili yote, kosa moja lingekuwa makosa mawili. Nikayatenga. Sasa sehemu inayoonyesha kurasa haijui habari za mchele wala za vitabu: hupokea orodha tu, kila mstari una picha, kichwa na maelezo, nayo huzionyesha moja baada ya moja. Madeni yana kurasa nne, maktaba tatu. Ni kama kikaango cha vitumbua: unga waweza kubadilika, kikaango ni kile kile. Na badala ya kuandika "amesoma", naandika namba ya toleo alilosoma, ili nikibadili maelezo hata mtumiaji wa zamani aonyeshwe upya.

Kwa kweli kurasa peke yake hazikutosha. Chini ya pipa nimeandika neno "Futa", na programu huuliza kwanza kabla ya kufuta.

Wateja tisa walilipa kwa hiari yao. Wawili wasema hawakumbuki.