Mguu wa Mjomba

Mwaka jana mjomba wangu, mchimba dhahabu huko Geita, aliangukiwa na jiwe shimoni akavunjika mguu. Hospitali walimfunga plasta. Usiku vidole vikavimba, vikawa baridi. Akalalamika, akaambiwa avumilie. Siku ya tatu mguu ulikatwa. Plasta ikibana mno huzuia damu, na nyama hufa kwa saa chache tu.

Jamaa zetu wa Shinyanga walisema ni amri ya Mungu. Mama alikataa. Aliniagiza nimwandikie Mganga Mfawidhi, nitaje tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, nasi tubaki na nakala. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye uwezo wa kumfuta daktari katika daftari lake. Atakaye fidia huenda mahakamani kabla ya miaka 3 kupita, na hospitali ikiwa ya Serikali, hutanguliza notisi ya siku 90. Mwaka 2007 huko Muhimbili mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti, kwa kuwa majina yao yalifanana! Madaktari walisimamishwa kazi.

Barua yetu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliipeleka mwenyewe wakati wa likizo, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri. Baada ya siku 12 mjomba aliitwa, akaenda kwa magongo.