Mwindo na Liongo Wakikutana: Mashujaa Wawili katika Kisa Kimoja

Kuwakutanisha mashujaa wa hadithi tofauti katika kisa kimoja ni desturi ya vitabu vya katuni vya Marekani. Mwaka 1976 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, DC na Marvel, zilichapisha kwa pamoja kisa cha Superman na Spider-Man. Mashujaa hao walipigana kwanza, kisha wakaungana. Makala haya yanaijaribu desturi hiyo kwa mashujaa wawili wa Afrika: Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, na Fumo Liongo wa pwani ya Kenya.

Mkutano wao unaweza kuwekwa Kirolirwe, Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Masisi inapakana na Walikale, na watu wa lugha mbalimbali huko huelewana kwa Kiswahili. Kisa cha Mwindo kilitambwa kwa Kinyanga na Rureke mwaka 1956, kikachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Habari za Liongo zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa akazitungia utenzi mwaka 1913.

Wawili hawa wanafanana kuliko inavyodhaniwa. Mwindo, aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, alifungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Aliimba humo ngomani, akaenda kwa shangazi yake Iyangura. Liongo alifungwa Pate. Mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate, naye akakata minyororo huku ngoma na nyimbo zikiifunika sauti ya tupa. Kila mmoja aliokolewa kwa wimbo na kwa msaada wa mwanamke wa ukoo wake.

Hata desturi ya kupigana kwanza na kuungana baadaye imo katika utendi wa Wanyanga. Nkuba, bwana wa radi, anaombwa ampige Mwindo. Baadaye anamsaidia kuuteketeza mji wa Tubondo.

Ugumu unaanza penye tofauti zao. Mwindo alimfuata baba yake hadi kuzimu, akamrudisha, akamsamehe, wakagawana nchi. Liongo aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Zaidi ya hayo, Mwindo ana usinga unaofufua wafu. Mtunzi akimruhusu amfufue Liongo kwa usinga huo, ameifuta maana ya kifo chake, yaani usaliti wa damu kwa damu. Nguvu za shujaa mmoja zimekula hadithi ya mwenzake.

Suluhisho limo katika utendi wenyewe. Baada ya kumwua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba, Mwindo alichukuliwa mbinguni, akateseka kwa baridi na jua, akafundishwa kwamba ushujaa una mipaka. Akarudi duniani akiwa mtoa sheria. Mkutano wa Kirolirwe unapaswa kuwekwa baada ya kurudi huko. Hapo Mwindo hatamfufua Liongo. Atakachoweza kumpa ni neno la mwana aliyesamehe, kabla sindano haijachomwa. Na Liongo, kwa kiburi chake, ataweza kulikataa.

Kwa hiyo kuunganisha mashujaa si kujumlisha nguvu zao. Kila mmoja huingia pamoja na masharti ya jamii iliyomtunga. Kiswahili cha Kivu kinaweza kuwapa lugha ya kuzungumza. Mtunzi asikitumie kuwafanya wafanane.