Je, Wajua? Nyumba ya Mutanga Nord na Pensheni ya INSS

Je, wajua kwamba INSS, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Burundi, ni rika la uhuru wa nchi? Vyote viwili ni vya 1962. Mchango wa pensheni ni asilimia 10 ya mshahara: mfanyakazi anakatwa 4, mwajiri anaongeza 6. Ila kwa miaka mingi hesabu ilikomea kwenye mshahara wa faranga 450,000. Aliyelipwa milioni mbili alihesabiwa sawa na mwenye laki nne na nusu. Kwa kilichozidi hapo, uzee wake ulikuwa juu yake mwenyewe. Ndiyo maana wenye mishahara minono wa Bujumbura walitafuta parseli, yaani kiwanja.

Parseli iwe wapi? Mutanga Nord ni mojawapo ya majibu. Mtaa umetulia, uko juu kidogo ya katikati ya jiji, na wapangaji wake hujumuisha watu wa mashirika ya kimataifa. Makomisioneri, kama madalali wanavyoitwa hapa, hawachoki kukukumbusha kwamba mgeni wa namna hiyo anaweza kulipa kodi kwa dola. Sifa hiyo si ndogo. Mei 2023 Benki Kuu, BRB, ilipandisha bei ya dola kutoka takriban faranga 2,090 hadi zaidi ya 2,800. Mchango wa juu kabisa chini ya ukomo ule, faranga 45,000 kwa mwezi, ulikuwa na thamani ya dola 21 na ushee. Ukawa karibu 16, na hakuna aliyegusa hata faranga moja.

Lakini mpangaji wa dola ana miguu. Machafuko yalipoanza Bujumbura Aprili 2015 wageni wengi waliondoka, na familia nyingi zenye uwezo zikafuata. Nyumba zilibaki na walinzi tu, na mlinzi halipi kodi, hulipwa.

Wajua pia kwamba anayeikimbia nyumba akaingia kwenye karatasi za uwekezaji anaweza kuikuta nyumba hukohuko? Novemba 2015, Nairobi, mfuko wa majengo wa Fahari uliorodheshwa kwenye soko la hisa kwa shilingi 20 kipande. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake kuorodheshwa Afrika Mashariki. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11. Majengo hayakuwa yameanguka. Ilianguka bei ya vipande vyake.

Pensheni nayo hupenda saruji. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lililozinduliwa 2016, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, kwa hiyo bajaji iliyolipa tozo kuvuka ilikuwa ikichangia uzee wa mtu asiyemjua. Kigali, mtaa wa Vision City ni mradi wa mfuko wa hifadhi ya jamii, RSSB. Kenya imeweka kikomo: mfuko wa pensheni usizidishe asilimia 30 ya mali yake kwenye majengo na ardhi, ilhali hati za serikali zinaruhusiwa hadi asilimia 90. Tena tangu 2020 Mkenya anaweza kutoa hadi asilimia 40 ya akiba yake ya pensheni akanunulie nyumba ya kuishi. (Mkazi wa Bujumbura anayetaka hati za serikali naye ana pa kwenda: BRB huuza dhamana za Hazina kwa mnada. Ila mazungumzo yake hayana mvuto wa mazungumzo ya parseli.)

Tukirudi Bujumbura, kuna mshirika asiyeandikwa kwenye hati yoyote ya ardhi: mto Ntahangwa. Unashuka kutoka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika, na kila masika hula kingo za korongo lake ndani ya jiji. Mwenye parseli ukingoni huamka baada ya mvua kubwa, kabla ya chai, akaenda kupima kwa hatua umbali kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye genge.