Kitabu Kilicho Wazi Lojini

Mtaani Dar es Salaam, Freemason wakitajwa, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kafara na utajiri wa usiku mmoja. Wachache wanajua kwamba, kwa utaratibu wa loji (vikundi vya Freemason) za Kiingereza, kikao hakianzi kabla kitabu kitakatifu hakijafunuliwa mbele ya ndugu wote, kama wanachama wanavyoitana.

Juu ya kurasa zake huwekwa bikari na guni, kile kipimo cha pembe cha waashi. Vitu hivyo vitatu huitwa Nuru Kuu. Mpangilio wake una maana: katika daraja la kwanza kati ya madaraja matatu ya uanachama, ncha zote mbili za bikari hufichwa chini ya guni, daraja la pili moja hutokeza, la tatu zote huonekana. Anayejua kusoma ishara hizo hahitaji kuuliza kikao ni cha daraja gani.

Kazi kubwa ya kitabu ni kiapo. Anayeingizwa hupelekwa akiwa amefungwa kitambaa machoni, hupiga magoti, huweka mkono juu ya kitabu na kuapa. Kitambaa kikiondolewa, huonyeshwa kwanza Nuru hizo tatu. Ni tendo lililopangwa kwa ustadi: mtu anatoka gizani, na maandiko ndiyo yanayompokea.

Maandiko ya nani? Hapa ndipo mila hii inapovutia zaidi. Mwislamu huapa kwa Kurani, Mkristo kwa Biblia, mfuasi wa Uhindu kwa Gita, kwa sababu kiapo humfunga mtu pale dhamiri yake ilipo. Penye dini nyingi, vitabu kadhaa huwekwa pamoja. Mwandishi Rudyard Kipling, aliyejiunga Lahore mwaka 1886, alikumbuka kwamba waliompandisha madaraja yake matatu walikuwa mfuasi wa Brahmo Samaj (jumuiya ya mageuzi ya Kihindu), Mwislamu na Mwingereza, na mlinzi wa mlango alikuwa Myahudi wa India. Afrika Mashariki nayo, loji ziliongozwa kwa miaka mingi na Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi.

Kitabu cha loji kimewahi kutoka hadharani. Tarehe 30 Aprili 1789, jijini New York, George Washington aliapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani kwa Biblia iliyoazimwa kutoka St. John's Lodge. Aliyemwapisha, Robert Livingston, alikuwa mkuu wa Freemason wa jimbo la New York. Loji hiyo inaitunza Biblia hiyo hadi leo.

Suala la imani liliwagawa ndugu. Mwaka 1877 Grand Orient, loji kuu ya Ufaransa, ilifuta sharti la kumwamini Mungu, na Waingereza wakavunja uhusiano nayo. Mwaka 1929 wakayaandika masharti yao ya kuitambua loji kuu yoyote: Nuru Kuu tatu lazima ziwepo kila loji inapofanya kazi, na kubwa kati yake ni kitabu kitakatifu. Mpaka sasa, ndugu wa loji za Uingereza haruhusiwi kuketi katika kikao cha Grand Orient.